Maji na Choo Juu ya Ardhi ya Matumbawe

Msomaji, ikiwa jirani zako wamekutuma, au umejituma mwenyewe, utafute njia isiyo na gharama kubwa ya kupata maji safi na vyoo vya heshima katika mji uliokaa juu ya jiwe la pwani, mahali ambapo sululu ya mchimbaji hupenya mara tatu na mara ya nne ikatoa cheche, nakusihi usianze kwa kwenda dukani kuuliza bei. Anza kwa miguu yako. Shika kamba ya mita 30, daftari na kalamu, uzunguke mtaa asubuhi moja kabla jua halijawa kali; uandike kila kisima kilipo na kila choo kilipo, ardhi imeinamia upande gani, ni wapi penye mchanga na wapi penye jiwe tupu, nyumba zipi zimeezekwa kwa bati na zipi kwa makuti; kisha uwaulize wanawake, maadamu wao ndio wabebao ndoo, maji ya kisima kipi hunywewa na ya kipi ni ya kufulia tu, na kama hali hiyo ni ya tangu zamani au ni ya juzi. Daftari hilo litakufaa kuliko picha zote za rangi wazichukuazo wauza mitambo.

Nakupa kazi hiyo kwanza kwa sababu maarifa mengi ya maji na vyoo yaliandikwa kwa ajili ya nchi za udongo, na udongo una tabia ya upole: maji machafu yakipita ndani yake hwenda taratibu, hushikwa na kuchujwa, na vijidudu vya maradhi aghalabu hufa njiani kabla havijafika mbali. Jiwe la matumbawe halina upole huo. Ni jiwe la matundu na nyufa, na maji ya choo yakipata ufa hwenda mbio kama mtu aujuaye uchochoro wa kwao. Kwa hiyo kile kipimo cha mita 30 baina ya choo na kisima, ambacho utakikuta katika vitabu vingi, ni cha haki penye udongo na mchanga, lakini penye maweni ni matumaini, wala si kinga. Mji wa Unguja ulipopatwa na kipindupindu mwaka 1869, na tabibu James Christie akaziandika habari za msiba huo katika kitabu alichokitoa mwaka 1876, wakazi wengi walitegemea visima vilivyokuwa katikati ya nyumba zao; baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, akavuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi ya upande wa Bububu, na mji ukapumua. Sayyid alikuwa na hazina ya dola. Sisi tuna kikoba cha mtaa, na kwa hiyo yatupasa kuifuata ardhi inavyotaka, kwa kuwa hatuna fedha ya kuilazimisha.

Katika habari ya visima ninalo kosa la kuungama. Mtaani kwetu palikuwa na kisima cha maji matamu, chenye kina kisichofika mita 8, kilichokuwa kikitekwa kwa ndoo na kamba tangu enzi za babu zetu. Akaja mfadhili mmoja mwenye moyo mwema akatupa pampu ya mota, nami nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi na kutia sahihi. Tulijaza matangi usiku na mchana, tukawauzia na watu wa mitaa ya mbali. Kaskazi ya tatu, bibi mmoja jirani yangu alinitilia chai, akanikazia macho nilipokuwa nikinywa, kisha akaniuliza, "Mwanangu, nani ametia chumvi katika buli?" Hakuna aliyetia. Tulikuwa tumeivuta wenyewe kutoka chini.

Maji matamu ya visiwani na ya ukingo wa bahari huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Na hesabu ya wataalamu ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na yapata mita 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Ukiteka kwa pupa hata uso wa maji ukashuka mita moja tu, chumvi nayo hupata ruhusa ya kupanda sana kutoka chini, na ikisha kupanda haishuki kwa kujuta; hungoja mvua za miaka. Hivyo basi, pwani ni heri visima vitano vifupi vinavyotekwa polepole kuliko kimoja kirefu kinachonyonywa kwa mota. Usichimbe ukapita sana pale maji yanapoanza kutulia, uwe na desturi ya kuyaonja maji ya kila kisima siku moja maalumu ya juma, ukaandika, na kisima kitakachoanza kukolea ukipumzishe kabla hakijaharibika.

Chombo kinachofaa katika teka ya polepole ni pampu ya kamba. Ni kamba ya nailoni iliyofungwa ikawa duara, yenye vizibo vidogo vya mpira vilivyopangwa hatua kwa hatua, ipitayo ndani ya bomba la plastiki lililozama majini na kuzungushwa kwa gurudumu lenye mkono. Kila kizibo kinapopanda ndani ya bomba husukuma mbele yake kidogo cha maji, na vidogo hivyo vikifuatana huwa mfululizo. Kadiri kisima kinavyozidi kina ndivyo bomba linavyopasa kuwa jembamba, ili uzito wa maji usimshinde mtoto wa miaka kumi. Gurudumu laweza kutengenezwa kwa kingo za tairi kuukuu, na vizibo, vya kiwandani vikikosekana, hukatwa katika mpira wa tairi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba urahisi wa kitu hauhesabiwi siku ya kukinunua: ile mota yetu ilipoungua, kifaa chake kilikuwa cha kuagizwa ng'ambo, ilhali kamba ikikatika inapatikana katika duka la vifaa vya uvuvi, na ayajuaye mafundo ya jarife ameijua kazi yenyewe.

Usiisahau sura ya kisima chenyewe. Kinywa kiwe na ukuta unaofika kiunoni, kiwe na kifuniko, na pembezoni pawe na sakafu ya saruji iliyoinama kutoka kisimani kwenda nje, yenye mfereji wa kuyapeleka maji yaliyomwagika mbali, hata yakanywesha migomba. Maana kisima kingi huchafuliwa na watekaji kuliko na choo, kwa ndoo iliyolazwa mavumbini kisha ikateremshwa ndani.

Walakini kisima si riziki ya kila mahali, na penye maweni matupu riziki iko juu. Watu wa visiwa vya Lamu na wa pwani iliyo kaskazini yake walilijua hili zamani, wakajenga majabia. Jabia ni sakafu pana iliyosakafiwa na kuinamishwa kidogo, inayoipokea mvua yote iiangukiayo na kuiteremsha katika birika lililofunikwa. Na mtu aliyeliona moja wakati wa masika, maji yakitelemka juu ya sakafu kama kioo kinachotembea, hatahitaji mhandisi kumweleza maana ya kuvuna mvua. Siku hizi wengi wetu tumeezeka kwa bati bila kujua kwamba tumejipandishia jabia juu ya vichwa vyetu. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, kwa kuwa maji yake hutoka na rangi, harufu na wadudu. Mwenye makuti na ashirikiane na jirani wa bati, au na msikiti, au na skuli.

Hesabu yake ni nyepesi, nami naomba uifanye kwa mkono wako usije ukauziwa tangi lisilo la kadiri yako. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina paa la mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 20, ambayo si kitu kigeni wakati wa masika, huangusha juu yake lita 960, na ukiitoa tano moja kwa ajili ya yanayoruka na kupotea hubaki karibu lita 770. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, paa hilo dogo hutoa zaidi ya lita 38,000. Sasa tazama upande wa matumizi. Watu sita wakitengewa lita 7 kila mmoja kwa siku kwa ajili ya kunywa na kupika tu, ni lita 42. Siku 90 za ukavu hutaka lita 3,780. Basi tangi la lita 4,000 litaivusha nyumba hiyo hata mvua zirudi, kwa sharti kwamba maji hayo yawe ya kinywa na chungu peke yake, na nguo na sakafu zipewe maji ya kisima cha chumvi. Sharti hilo ni gumu kuliko kujenga tangi. Nimeona matangi mazuri yakikauka katika wiki tatu kwa sababu ya harusi moja.

Mvua ya kwanza baada ya ukavu usiiingize ndani. Huliosha paa, na uchafu wa paa ni mavi ya ndege, vumbi na mijusi iliyokufa. Tenga nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 24 kwa nyumba tuliyoihesabu, kwa kuweka bomba nene la kusimama lililozibwa chini, ambalo hujaa kwanza kabla maji hayajapita kwenda tangini. Chini yake pawe na kizibo cha kufungua ili liwe tupu tena kabla ya mvua ijayo. Gata ziinamishwe kidogo kuelekea tangini, na kila tundu la tangi lifungwe kwa wavu mwembamba, la sivyo utakuwa umewafugia jirani mbu, tena wale wa mchana waenezao homa ya dengi, iliyolisumbua sana jiji la Dar es Salaam mwaka 2014.

Tangi la plastiki ni zuri kwa mwenye fedha taslimu. Asiye nazo, lakini ana fundi mwashi na jirani wa kumsaidia, na ajenge la saruji nyembamba juu ya waya wa kuku uliozungushwa nondo chache; ni jembamba kama kiganja kilicholazwa, na uimara wake umo katika waya. Hapa mafundi wengi hukosea jambo moja nalo ni haraka. Saruji haikauki ikawa ngumu. Huwa ngumu kwa kunywa maji. Kwa siku 7 kwa uchache tangi jipya lifunikwe kwa magunia na kulowanishwa asubuhi na jioni, na fundi akikuaga siku ya pili akisema kazi imekwisha, mzuie sehemu ya ujira wake.

Ama kuyasafisha maji ya kunywa, nitapita upesi, kwa kuwa njia zake zajulikana. Kuchemsha hata yatokote barabara kunatosha, illa mkaa ni ghali. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato, yatosha pia: ikiwa kibandiko chasema nguvu yake ni asilimia 5, tia mililita 2 katika ndoo ya lita 20, ikiwa ni asilimia 3 na nusu tia 3, upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukoroge, ungoje nusu saa. Asiye na mkaa wala dawa na ajaze chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, maji yawe maangavu, azilaze juu ya bati katika jua kali kwa saa 6, au siku mbili kamili kukiwa na mawingu. Ni miale ya jua inayoua, na Aftim Acra wa Beirut ndiye aliyelifanyia jambo hili uchunguzi wa kitaalamu na kulitangaza katika miaka ya 1980. Maji yenye tope yapewe kwanza mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa, punje moja kwa lita moja kwa kukisia, yakorogwe na kuachwa yatulie. Ila mlonge hung'arisha zaidi ya uuavyo, kwa hiyo baada yake dawa au moto haviachwi.

Tuje kwenye choo, ambako ndiko mashauri ya wageni hutupotosha zaidi. Utaambiwa habari za choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970 na Peter Morgan na wenzake, nacho ni choo chenye hekima: chumba huwa na giza, bomba hupanda juu ya paa kama nusu mita, upepo upitao juu yake huvuta harufu, na nzi walio shimoni huufuata mwanga uonekanao kileleni wakanaswa na wavu. Jaribu kukisimamisha pwani na mambo mawili yatakujibu. Wavu wa chuma, kwa mvuke wa shimo na hewa ya chumvi, hupukutika upesi, kwa hiyo nunua usioshika kutu au wa nyuzi za plastiki ngumu. La pili ni kwamba sisi twachamba kwa maji. Shimo lililokusudiwa kuwa kavu kwetu hulowa, na unyevu huo ukiingia katika jiwe lenye nyufa, tumerudi kule kule kisimani.

Kwa hiyo penye mchanga mzito na maji yaliyo mbali, choo cha kumimina maji ndicho kitufaacho. Sinia yake huwa na shingo ibakizayo maji kidogo, nayo ni pazia baina ya pua na shimo. Lita 2 au 3 za kumimina zatosha, na zile sahani za plastiki zenye kilango kinachojifunga chenyewe, ziuzwazo sasa katika maduka mengi ya vifaa, hutaka pungufu ya hapo. Chimba mashimo mawili yenye mapana ya mita moja na kina cha mita moja na nusu hadi 2, sakafu ya shimo ikiwa juu ya maji ya ardhini kwa mita moja na nusu kwa uchache. Mtu mmoja hujaza lita 40 hadi 60 kwa mwaka baada ya uchafu kuoza na kujikandamiza, hivyo nyumba ya watu sita itatumia shimo moja miaka minne hivi. Likijaa, geuza mkondo kwenda la pili, ulifunike la kwanza. Baada ya mwaka mmoja, na bora miwili, kilichomo kitakuwa udongo mweusi usio na harufu, cha kuwekea mipapai.

Penye maweni matupu usichimbe abadani. Inua. Jenga vyumba viwili vya matofali juu ya ardhi, vilivyopigwa plasta ndani na sakafu ya saruji, uweke juu ya kila chumba bamba lenye tundu moja la haja kubwa, kijifereji cha mbele cha mkojo, na pembeni pahali pa kuchambia penye njia yake mbali iendayo kwenye kitanda cha migomba. Kila aingiaye atie kata ya jivu baada ya haja. Chumba hutumika mwaka, hufungwa mwaka. Watu watakuuliza, nao wana haki ya kuuliza, kama ngazi tatu za kupanda chooni zamfaa bibi mzee usiku. Weka mkono wa mti wa kushikia kila upande na utaa, na umwite bibi mwenyewe aujaribu kabla saruji haijakazika. Mimi sikumwita, nikabomoa ngazi mbili.

Nje ya mlango tundika kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa karibu na kinywa kwa msumari wa moto, likaning'inizwa kwenye ufito, na kamba ikashuka hadi kijiti kinachokanyagwa kwa mguu. Mguu ukikanyaga, dumu huinama, maji huchirizika, na mkono mchafu haugusi kitu ila sabuni iliyotungwa kwa uzi. Gharama yake ni msumari. Alijazaye awe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, maana dumu la watu wote ni kavu kila siku.

Na hapo nimelitaja lile ambalo huwachosha watu kuliko kuchimba. Wazee wa Tanzania Bara wakumbuka mwaka 1973, ulipofanywa mpango wa Mtu ni Afya: redio ilisomesha, lakini watu walisikiliza katika vikundi, wakajadiliana papo hapo, kisha wakaenda kuchimba vyoo vyao. Kwenu nako usiitishe mkutano mmoja mkubwa wa kupiga makofi. Waketishe watu wa nyumba kumi barazani, uweke lile daftari katikati, waone wenyewe choo cha nani kiko juu ya kisima cha nani, nawe unyamaze. Kisha kila nyumba itoe kiasi kidogo kila mwezi, kiwe kile ambacho maskini wao aweza kukitoa, na kitunzwe na mtu asiyeogopa kudai.

Kwetu mtunzaji ni yule yule bibi wa chai ya chumvi. Ana ufunguo wa kifuniko, na chini ya kitanda chake mna kopo la maziwa lenye vizibo sita, mita chache za kamba ya jarife, kisu, na karatasi yenye majina ya waliolipa na wasiolipa. Mwaka jana kamba ilikatika Ijumaa, saa nne asubuhi. Alimtuma mjukuu wake na kopo, akasimama pembeni akimwelekeza fundo kwa kidole, na adhana ya adhuhuri ilipoanza vijana walikuwa wakijaza birika la udhu.